Nchi Ipi Ilipatwa Zaidi?

Maneno ya hotuba kwa watu wa Meru na Embu juu ya kulinganisha hesabu za ugonjwa wa korona baina ya nchi na nchi



Tangu tarehe 13 Machi 2020, siku ilipotangazwa kwamba mtu wa kwanza ameonekana na ugonjwa wa korona katika Kenya, hesabu ziliingia katika kila nyumba yenye redio. Kila siku ilitajwa idadi ya waliopimwa, idadi ya waliopatikana na ugonjwa, na idadi ya waliofariki. Kisha zikafuata hesabu za Italia, za Uingereza, za Marekani na za Brazili. Watu walizisikiliza katika soko la Gakoromone mjini Meru, na katika stendi ya matatu mjini Embu, na katika viwanda vya kahawa wakati wa kungoja zamu ya mizani. Na kila mtu akatoa hukumu yake. Mmoja alisema ugonjwa huu ni wa nchi za baridi, maana huko watu wanakufa kwa maelfu na hapa kwa mmoja mmoja. Wa pili alisema, la, hata hapa wanakufa vivyo hivyo, ila wanafichwa. Wa tatu alisema kwamba hesabu zote zimetiwa chumvi ili fedha za msaada zipatikane. Na wote watatu walikuwa wamesikia tangazo moja.

Mabishano hayo hayakuwa ya kupitishia wakati tu. Kenya ilipoanza kuchanja watu wake, tarehe 5 Machi 2021, mzee aliyesadiki hukumu ya yule wa kwanza hakuona kwa nini afunge safari kutoka Siakago au Mitunguu kwenda kudungwa sindano kwa ajili ya ugonjwa wa watu wengine. Kwa hiyo yafaa kujua hesabu hizi zilipatikanaje, na ni zipi zinazoweza kuwekwa pamoja na ni zipi zisizoweza.

Jambo jepesi ndilo la kwanza. Idadi ya vifo peke yake haitoshi. Katika hesabu ya watu ya Agosti 2019, Kaunti ya Meru ilikuwa na watu 1,545,714, na Kaunti ya Embu ilikuwa na watu 608,599. Chukueni mfano, nao ni mfano tu: ugonjwa umeua watu 150 katika Meru na watu 80 katika Embu. Mtu mwenye haraka atasema Meru ndiyo iliyopatwa zaidi. Lakini mkigawanya vifo kwa watu, mtaona kwamba Meru imepoteza karibu watu 10 katika kila watu 100,000, na Embu imepoteza 13. Embu ndiyo iliyoumia zaidi, ingawa makaburi yake ni machache. Kwa sababu hiyo wataalamu hawapendi kutaja vifo bila kutaja watu. Husema vifo katika kila watu 100,000, au katika kila milioni.

Kwa kipimo hicho, Marekani, iliyokuwa na watu milioni 331 katika hesabu ya mwaka 2020, ilitangaza vifo vya korona zaidi ya milioni 1.1, yaani zaidi ya 330 katika kila watu 100,000. Kenya, iliyokuwa na watu 47,564,296 katika hesabu ya mwaka 2019, ilitangaza vifo karibu 5,700, yaani 12 katika kila watu 100,000. Basi kwa hesabu hiyo Marekani ilipatwa zaidi ya mara 27 kuliko Kenya. Haya ndiyo yaliyomfurahisha yule msemaji wa kwanza. Kugawanya kwake hakuna kosa. Linalobaki kuulizwa ni kama vifo vya Marekani na vifo vya Kenya viliandikwa kwa njia moja.

Mkulima wa kahawa atalifahamu jambo hili upesi kuliko karani wa mjini. Wakulima wawili wa Runyenjes wana miti 300 kila mmoja. Wa kwanza hupeleka kahawa yake yote kiwandani, nayo hupimwa na kuandikwa. Wa pili hupeleka nusu, na nusu huiuza usiku kwa wachuuzi wanaopita na magari. Mwisho wa msimu daftari la chama cha ushirika litaonyesha kwamba miti ya huyu wa pili haizai. Je, Bwana Shamba akija kusaidia, atakwenda kwa nani? Daftari halikusema uongo. Limeandika kilo zilizofika kwenye mizani, basi. Aliyekosea ni yule anayelisoma daftari kana kwamba ndilo shamba lenyewe.

Mizani ya korona ilikuwa kipimo cha maabara. Mtu asiyepimwa hakuandikwa, hata kama alikohoa mwezi mzima. Katika miezi ya kwanza maabara zilizoweza kazi hiyo katika Kenya zilikuwa chache, na vifaa vilitoka ng'ambo, na nchi zote za dunia zilikuwa zikigombania vifaa hivyo hivyo. Kufikia katikati ya Juni 2020 Kenya ilikuwa imetangaza wagonjwa wapatao 4,000. Lakini wataalamu wa KEMRI na wenzao wa Kilifi walifanya uchunguzi wa namna nyingine. Walichukua damu iliyotolewa na watu wa kujitolea kwa ajili ya hospitali, baina ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni mwaka ule, damu ya watu zaidi ya 3,000, wakaitafutia alama ambazo mwili hubaki nazo baada ya kuambukizwa. Walipokwisha kusahihisha hesabu zao kwa umri na kwa mahali, waliona kwamba watu zaidi ya 4 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kupata ugonjwa, na wengi wao pasipo kujua. Hata wakihesabiwa wale wa umri wa kutoa damu peke yao, hao ni zaidi ya milioni moja katika Kenya nzima. Elfu nne kwenye daftari, milioni moja shambani! Mwanzoni mwa mwaka 2021 uchunguzi wa namna hiyo ulipofanywa tena, karibu nusu ya watoaji damu walikuwa na zile alama.

Basi mtu asiichukue idadi ya wagonjwa wa Kenya na kuiweka kando ya ile ya Uingereza, ambako tangu Aprili 2021 mtu yeyote wa England aliweza kupewa vipimo bure, akajipima nyumbani mwake mara mbili kwa juma. Hizo ni mizani mbili zisizofanana hata kidogo.

Tena kuna mtego mwingine, nao umewanasa hata waandishi wa magazeti. Wako wanaochukua vifo na kuvigawanya, si kwa watu wote wa nchi, bali kwa wagonjwa waliotangazwa, ili wajue ugonjwa ni mkali kiasi gani. Tanzania ilipotoa hesabu yake mwishoni mwa Aprili 2020 ilitaja wagonjwa 509 na vifo 21, yaani vifo 4 katika kila wagonjwa 100. Hesabu ya mwisho ya Kenya haifiki vifo 2 katika kila wagonjwa 100. Je, ugonjwa ulivuka Namanga ukapoteza makali? Hasha. Mahali wanapopimwa wale walio mahututi tu, ugonjwa utaonekana kuwa simba. Mahali wanapopimwa hata wanaokohoa kidogo, utaonekana kuwa paka. Kinachobadilika ni nani aliyeitwa kwenye kipimo.

Hapo watu wengi husema: haya, wagonjwa wanaweza kupotea katika hesabu, lakini maiti haipotei. Ingekuwa vyema kama ingekuwa hivyo. Hata nchi tajiri hazikupatana juu ya maiti ipi ni ya korona. Ubelgiji iliwahesabu pia wazee waliofariki katika nyumba za kutunzia wazee, wakidhaniwa tu kuwa na ugonjwa huo, bila kupimwa. Na kwa muda mrefu wa mwaka 2020 ilionekana kuwa imepatwa kuliko karibu nchi zote za dunia. Kweli ilipatwa sana, lakini nyingine zilizoonekana afadhali hazikuwaandika wafu wa namna hiyo. Katika England mtu aliyewahi kupatikana na korona, akapona, kisha akagongwa na gari miezi mitatu baadaye, aliingia katika hesabu ya waliokufa. Agosti 2020 kanuni ilibadilishwa, wakahesabiwa wale tu waliokufa ndani ya siku 28 tangu walipopimwa. Na kwa ncha ya kalamu vifo zaidi ya 5,000 vikatoka katika daftari la Uingereza. Hakuna aliyefufuka.

Nchi iliyowashangaza wasoma hesabu kuliko zote ni Peru. Tarehe 31 Mei 2021 Serikali ya Peru ilitangaza kwamba vifo vyake vya korona si 69,342, bali ni 180,764. Wataalamu walikuwa wameketi wakapitia habari za waliokufa tangu mwanzo, wakawatia katika hesabu wale ambao hawakupimwa lakini ugonjwa wao ulikuwa dhahiri. Siku moja kabla yake Peru ilikuwa nchi kama nyingine. Siku ya pili ikawa ya kwanza duniani kwa vifo vilivyotangazwa katika kila watu 100,000. Mtu aliyekuwa akiilinganisha na majirani zake wiki iliyotangulia alikuwa akilinganisha uvivu wa makarani, wala si ukali wa ugonjwa.

Sasa turudi nyumbani. Mtu akifariki katika hospitali kubwa ya Meru au ya Embu, au Chogoria, au Maua, daktari huandika sababu ya kifo chake. Akifariki nyumbani, huko Tharaka, au Kiambere, au juu Igembe, habari hupelekwa kwa naibu wa chifu, naye ndiye atoaye kibali cha mazishi na kuandika sababu aliyoambiwa na wenyewe. Naibu wa chifu si mganga. Akiambiwa kifua, ataandika kifua. Akiambiwa uzee, ataandika uzee. Na mara nyingi haambiwi lolote, kwa kuwa kaburi la shambani halina bawabu wa kudai kibali. Takwimu za Serikali yenyewe kwa miaka ile zilikadiria kwamba takriban nusu tu ya vifo vya Kenya huandikishwa. Na katika hivyo vilivyoandikishwa, vilivyotajwa kuwa ni vya korona ni vile ambavyo mwenyewe alibahatika kupimwa kabla hajafa, au maiti yake ilipimwa.

Jinsi jambo hilo linavyoweza kudanganya lilionekana katika Zambia. Baina ya Juni na Septemba 2020 wakati ilipokuwa ikisemwa kwamba korona imeipita Afrika kando, wachunguzi walipima maiti 364 katika mochari ya hospitali kubwa ya Lusaka. Maiti 58 zilionekana wazi kuwa na virusi vya korona, na walipotumia kipimo chepesi zaidi kunasa hata chembe chache, zikafika 70. Yaani maiti moja katika kila tano au sita. Wengi wa hao hawakufia hospitalini, walifia majumbani mwao, na katika hao waliofia majumbani hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa alipokuwa hai. Habari hizo zilipochapishwa Februari 2021, watu walianza kuuliza ni miji mingapi mingine ya Afrika ambayo mochari zake hazikupimwa.

Kwa hiyo yule msemaji wa pili, aliyesema wanafichwa, alikuwa na ukweli kidogo na kosa kubwa. Katika Kenya wengi hawakufichwa na mtu; hawakuonwa. Kuficha kwenyewe kulikuwako, lakini si hapa. Baada ya tarehe 29 Aprili 2020, Tanzania, ikiisha kutangaza wale wagonjwa 509, ilinyamaza. Rais Magufuli alisema Mei ile kwamba hakuwa na imani na maabara, kwa kuwa hata sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri zilionyesha ugonjwa. Hesabu hazikutoka tena mpaka katikati ya mwaka 2021, wakati wa Rais Samia Suluhu Hassan. Mwishowe Tanzania ilikuwa imetangaza vifo 846 katika nchi ya watu 61,741,120 waliohesabiwa mwaka 2022; haifiki hata kifo kimoja na nusu katika kila watu 100,000. Mtu akiamini hesabu hizo, ataamini kwamba Mkenya alikuwa katika hatari karibu mara tisa kuliko jirani yake wa ng'ambo ya mpaka, na hali hewa ni moja, chakula ni kimoja, na malori ni yale yale. Madereva wa malori hayo walipopimwa Namanga Mei 2020, makumi walionekana na ugonjwa, hata Kenya ikafunga mpaka isipokuwa kwa mizigo.

Pamoja na hayo, si haki kusema kwamba tofauti yote ya Kenya na Marekani ni ya makarani. Iko tofauti ya kweli, nayo ni umri. Korona ilikuwa na desturi ya kumwacha kijana na kumshika mzee. Hatari ya mtu wa miaka 80 ilikuwa mara mamia kuliko ya mtu wa miaka 20. Katika kila Wakenya 100, waliofika miaka 65 hawafiki 5, na karibu nusu ya watu wote ni wa chini ya miaka 20. Katika kila Waitalia 100, waliofika miaka 65 wanapita 22. Ugonjwa mmoja ukiingia katika nchi hizo mbili kwa nguvu moja, Italia itazika watu wengi zaidi, hata kama Kenya itamwandika kila maiti pasipo kukosa.

Lakini hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika kulinganisha, wala haikutajwa sana redioni. Mtu husikia kwamba vifo vya Kenya ni vichache katika kila watu 100,000, akadhani kwamba kila mtu wa Kenya ana kinga. Hao 100,000 ni akina nani? Wengi ni watoto wa shule na vijana wa bodaboda. Wao ndio wanaoishusha hesabu. Babu aliye nyumbani Nkubu hapati faida yoyote kwa kuwa wajukuu wake ni wengi. Yeye umri wake ni ule ule, na wajukuu ndio wanaomletea ugonjwa kutoka shuleni na kutoka kwenye matatu. Wataalamu waliokusanya habari za nchi nyingi zinazoendelea, na kuzichapisha mwaka 2022, walilinganisha mzee na mzee, kijana na kijana, badala ya nchi na nchi. Waliona kwamba mtu wa nchi hizo aliyeambukizwa alikuwa katika hatari ya kufa karibu mara mbili kuliko mtu wa umri wake katika nchi tajiri. Sababu si ngumu kuzikisia: hospitali iko mbali, hewa ya kupumua ya mitungi ni haba, vitanda vya wagonjwa mahututi vinahesabika kwa vidole. Basi hesabu ya nchi ilisema Kenya ni salama mara 27, na hesabu ya umri ilisema mzee wa Kenya yu hatarini zaidi. Hesabu zote mbili zaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ile ya kwanza ndiyo iliyomfikia mzee wa Siakago, akabaki nyumbani.

Je, hakuna njia ya kulinganisha kwa haki? Iko, nayo ni ya zamani. Acha kuuliza kila maiti ilikufa kwa ugonjwa gani; hesabu maiti zote za mwaka, kisha toa idadi ya maiti ambazo zingalikuwapo katika mwaka wa kawaida. Zinazobaki huitwa vifo vya ziada. Kwa njia hiyo Shirika la Afya Duniani lilitangaza, Mei 2022, kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 dunia ilipata vifo vya ziada karibu milioni 14.9, ingawa vile vilivyotangazwa na nchi zenyewe kuwa ni vya korona vilikuwa milioni 5.4. India, iliyotangaza vifo karibu 480,000, ilikadiriwa kuwa na milioni 4.7, Serikali yake ikakataa hesabu hiyo kwa maneno makali. Njia hiyo hiyo ilionyesha pia mambo ya kufurahisha. Nyuzilandi, iliyofunga mipaka yake Machi 2020, ilikuwa na vifo vichache mwaka ule kuliko mwaka wa kawaida, na hapo hakuna awezaye kusema ni ujanja wa makarani, kwa kuwa kila kifo huandikwa, kiwe cha korona au cha kuanguka ngazini.

Ila njia hii yataka daftari kamili. Nchi nyingi za Afrika hazikuwa nalo, ikabidi vifo vyao vikisiwe kwa kutazama mambo mengine, kama vile mapato, umri wa watu na maradhi mengine. Hapo mtaalamu hodari huyajaza mapengo kama fundi aezekaye nyumba kwa mabati ya kuazima.

Jambo hilo limekwisha kutokea mara moja. Septemba 1918 homa kali ya mafua iliingia Mombasa kwa meli, ikapanda na reli mpaka bara. Makisio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba iliua watu 150,000 katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Lakini Waafrika wa Kenya hawakuhesabiwa kwa ukamilifu mpaka mwaka 1948. Mwaka 1918 maofisa walikadiria watu kwa vibanda vilivyotozwa kodi. Mtoto mchanga hakuwa na kibanda, na alipokufa hakuna karatasi iliyopungua. Hesabu ya kweli ya Meru na ya Embu kwa mwaka ule haiwezi kutengenezwa tena. Ulaya nako homa ile ilipewa jina la Uhispania, na mpaka leo vitabu vinaiita hivyo, ingawa haikuanzia huko. Nchi zilizokuwa vitani zilikataza magazeti yao kutaja wagonjwa. Uhispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika waziwazi, na dunia ikadhani kwamba huko ndiko penye maradhi. Mwenye kusema kweli akabandikwa jina la ugonjwa.

Afrika ya Kusini ilionja hayo hayo Novemba 2021. Wataalamu wake walipoiona aina mpya ya virusi na kuitangaza upesi, nchi nyingi zilifunga milango kwa ndege zake ndani ya siku mbili, ingawa Uholanzi ilikuja kusema kwamba aina hiyo ilikuwamo katika sampuli zake kabla ya tangazo lile. Na katika maboma ya huku mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 2020 mtu aliyetangazwa kuwa na korona alitengwa, na watu aliokaa nao wakatengwa; hapo mwanzo wengine walidaiwa gharama za karantini; na akifa, alizikwa kwa haraka, na watu wachache, na wahudumu waliovaa mavazi ya kutisha watoto. Basi jamaa walijifunza kutaja pumu na presha. Hawawezi kulaumiwa sana, lakini vifo vyao havimo katika wale 5,700.

Sheria ya Kenya inataka kila kifo kiandikishwe, cha hospitalini na cha nyumbani. Tangu Septemba 2023, zaidi ya wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walipewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari, kila mmoja akipangiwa nyumba 100 hivi, ziwe za Mbeere kwenye jua au za Imenti kwenye migomba. Mhudumu akibisha hodi na kuuliza ni nani aliyefariki tangu alipopita mara ya mwisho, alikuwa na umri gani, na aliugua siku ngapi, haulizi kwa udadisi. Nyumba ikiwa na matanga, majibu hayo yapelekwe pia kwa naibu wa chifu wiki hiyo hiyo, kabla ya jamaa waliotoka Nairobi kurudi na kitambulisho cha marehemu katika mkoba wao.